Ukurasa wa Jumatano

Chang'ombe, Dodoma
Jumapili, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Zaituni,

Umetoka sasa hivi kwenda Makole kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamwachii mtu kabla hajala mara mbili, kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko uani anapaka nta ya mshumaa kwenye zipu ya begi lako, ile inayokwama. Mimi nimekaa mezani, nimeandika siku juu ya karatasi kama ninavyofanya katika daftari langu, na nimeshindwa kuanza. Miaka yote hii ya kuandika daftari sijawahi kushindwa. Labda ni kwa sababu daftari huwa najiandikia mwenyewe, na mwenyewe sijionei aibu.

Sitakuandikia habari za kula, wala kufunga mlango, wala kuangalia mizigo kwenye treni kesho. Hayo nimeshayasema mpaka umenicheka. Unakwenda Dar es Salaam kuanza kazi katika wodi ya wagonjwa wa saratani, na kuna jambo moja ambalo mimi na wewe hatujalitaja tangu ulipokuwa kidato cha tatu. Sitaki uondoke nalo bila kuniona nimelishika mimi.

Nasema habari ya mwiba.

Mwaka ule nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa ziwa la kushoto. Kidonda kilipopona, daktari akaniandikia dripu sita za dawa ya saratani, moja kila baada ya wiki tatu. Unanijua. Siku ileile nilichukua rula nikachora daftari: safu ya siku, safu ya uzito, safu ya joto la mwili, safu ya nilichokula, safu ya kilichorudi. Nimetunza stoo ya shule miaka kumi na minane. Kitu kikishapata safu yake, hofu yangu hupungua.

Halafu nikahesabu mbele. Dripu ya sita iliangukia mwanzoni mwa Desemba. Nikaizungushia duara. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, zikikupita unasubiri mwaka mwingine. Nikapanga: nimalize dripu, nipumzike siku saba, niende kwetu Pahi, kule Kondoa, kupanda shamba langu.

Baba yako alidhani ni uchu wa ufuta tu. Lakini wewe hukuzaliwa kule, acha nikueleze. Pale Pahi, tangu nikiwa mdogo, sijaona shamba la mtu mzima aliye hai likilala lote. Mwenye shamba akiumwa, atajikokota apande hata mistari miwili ya mbaazi kando ya njia, wapitao waone. Shamba lililolala kabisa ni la marehemu ambaye wanawe hawajagawana. Mwaka aliofariki mama yangu nilikwenda nikakuta majani yamefika kiunoni katika shamba lake, na watu walipita pale wakishusha sauti. Mimi nikiwa na sindano mkononi, kila nikifumba macho nililiona langu hivyo. Kufa niliweza kukufikiria. Nilichoshindwa kukifikiria ni watu kupita pale na kushusha sauti wakati mimi bado nakunywa uji Chang'ombe.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu. Sasa nikwambie habari za Sista Anjela, maana ulimwona siku chache tu, tena ukiwa na hofu.

Mwanzoni sikumpenda. Siku ya kwanza aliniuliza majina yangu matatu, nikamtajia. Akamwita mwenzake, akaniuliza tena mbele yake, wakasoma pamoja maandishi ya kwenye dawa na ya kwenye faili langu, neno kwa neno, kama watoto wa darasa la pili. Dripu ya pili ikawa hivyohivyo. Kufikia ya tatu tulikuwa tumeshazoeana, ananiita Mama Daftari, ananiuliza habari zako na za walimu. Kisha ghafla anasimama mbele yangu na uso wa mgeni.

"Mama, nitajie majina yako matatu."

"Sista, kwani leo hunijui?"

"Nakujua sana, mama. Dawa ndiyo haikujui."

Nikayataja. Tangu siku ile nilikuwa nayataja kabla hajauliza, na yeye alikuwa ananiacha nimalize, halafu anauliza tena.

Kulikuwa na ile dawa nyekundu. Nyingine zilitundikwa zikadondoka zenyewe, lakini ile alinipa kwa mkono. Alivaa glovu mbilimbili na aproni ndefu, akavuta kiti, akaketi karibu mpaka magoti yetu yakagusana. Alisukuma kidogo, akangoja, akavuta nyuma kuona kama damu inarudi, akasukuma tena. Alinieleza kwamba dawa ile ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Kwa hiyo robo saa nzima hakuinua macho kutoka kwenye mkono wangu, na kila mara aliuliza, "Inachoma? Inavuta?" Niseme ukweli, tangu niolewe sijawahi kutazamwa robo saa bila mtu kupepesa macho. Hapa usimsomee baba yako.

Na wakati huohuo bibi mmoja wa Bahi, aliyekuwa kwenye kiti cha pili, anampigia kelele:

"We Sista, huyo umemng'ang'ania kama mchumba! Njoo kwangu, mshipa wangu leo umehamia kisiginoni!"

"Kisiginoni nilishapita wiki iliyopita, bibi, sikukuta mtu."

"Basi gonga goti, huenda wamelala."

Chumba kizima kilicheka, na yeye alicheka, na macho yake hayakuondoka mkononi mwangu. Mimi niliwaza: huyu ameshika sumu kwa mkono mmoja, utani kwa mkono mwingine, na hamwagi hata kimoja. Nilipomaliza alivua glovu, akanawa, akanifunga vizuri mtandio uliokuwa umeteleza kwenye upara wangu. Mikono ileile. Niliandika jioni: "Sijui kama watu wanajua kuna kazi ya namna hii."

Haya. Mwiba.

Ilikuwa Novemba, dripu ya tano inangoja Jumatano. Nilikuwa nimekatazwa shamba, nimekatazwa kugusa udongo, nimekatazwa hata kuchambua mchicha bila glovu. Sista Anjela alikuwa amenieleza sababu yake bila haraka: zile dripu zinaangusha chembe za damu zinazopigana na magonjwa, hivyo jeraha dogo kwangu si dogo. Nilimwelewa. Nilijibu ndiyo, nikaliandika katika safu yake. Halafu Ijumaa nikamwambia baba yako, aliyekuwa kwenye ujenzi kule Mtumba, kwamba wewe na mimi tunakwenda Kondoa kumsalimia mama mdogo. Jumamosi tukawa shambani Pahi tunafyeka.

Mwiba ulipita kwenye soli ya kandambili ukaingia kisiginoni. Wewe ndiye uliyeutoa kwa pini. Uliipitisha kwanza kwenye moto wa kiberiti, na nakumbuka nilistaajabu ulijulia wapi. Damu ilitoka kidogo tu. Nikakwambia, "Si kitu," na nikaamini.

Jumanne jioni ulinipima joto. Ulisoma thelathini na nane nukta sita, ukasoma tena, ukaninyooshea kipimajoto nisome mwenyewe. Ukasema, "Mama, Sista alisema ikizidi thelathini na nane twende hapohapo, hata kama ni usiku." Ulikumbuka neno kwa neno. Na mimi nilikumbuka. Lakini nilikuwa naangalia lile duara la Desemba. Wakijua nina homa, dripu ya tano itasogezwa, ya sita itasogezwa, mvua itanyesha niko kitandani, na shamba litalala.

Nikakwambia umwache baba yako apumzike, amechoka. Ukakataa. Nikachukua msahafu rafuni. Sikukulazimisha kuugusa, niliuweka tu mezani katikati yetu na nikakutaka uape kwamba hutamwambia mtu. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ukaapa, ukaenda kulala bila kula.

Hilo ndilo kosa langu, Zai. Mwiba ulikuwa ajali. Kwenda shamba ulikuwa ukaidi, na ukaidi wa mgonjwa nadhani Mungu anaujua. Lakini kukuchukua wewe, uliyesema lililo sawa, nikakufunga mdomo kwa sababu ya mistari niliyochora kwa rula, hilo nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Sasa sikiliza mambo ya Jumatano, maana wewe ulikuwa kwenye benchi nje na hukuyaona.

Saa moja asubuhi nilimeza Panadol mbili ili kipimajoto cha hospitali kisiseme kitu. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilikaa nikaandika: "Saa moja, Panadol mbili, ili homa isionekane." Sijui kukuelezea. Niliweza kumdanganya baba yako, daktari na Sista, lakini safu tupu katika daftari sikuiweza. Nilifikiria kuliacha daftari nyumbani, nikaona Sista atashtuka, maana kila dripu alikuwa akilisoma lote kabla ya kunigusa. Nikapanga nimsomee mwenyewe, niruke.

Alinipima: thelathini na sita nukta tisa. Akaandika. Damu ikapelekwa maabara. Akaweka trei yake tayari, akaketi.

"Haya Mama Daftari, tumeandika nini?"

"Leo nakusomea mimi, Sista, mwandiko umekuwa mbaya."

"Soma."

Nikasoma. Alhamisi uji, Ijumaa safari kidogo, Jumapili nimechoka. Nilipofika Jumanne nikasema nimekula wali kidogo na nimelala vizuri. Kisha akanyoosha mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye shingo yangu, chini ya mtandio.

"Mama, feni iko juu yako, bibi hapo pembeni amejifunika khanga mbili. Wewe unatoka jasho."

"Joto la Dodoma, Sista."

Hakubishana. Hakunikazia macho. Alifungua kiganja chake mbele yangu, akakiacha kikae pale wazi, akasema taratibu, "Nisaidie daftari."

Ningeweza kukataa. Lilikuwa langu. Mpaka leo sijui mkono wangu ulitumwa na nani, lakini ulimpa.

Alisoma Jumamosi. Alisoma Jumanne. Alisoma Jumatano. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, hata nilikuwa na majibu. Alifunga daftari, akaifunika ile trei ya dawa kwa kitambaa, akauliza kitu kimoja tu.

"Mguu gani?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti, mwanangu, juu ya sakafu, na sare yake nyeupe, akanivua soksi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijautazama tangu Jumatatu. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na una harufu. Yeye alikuwa ameusogelea kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikaanza kulia. Bibi wa Bahi akavua khanga yake moja, akanisogezea nifute uso.

Mambo yakaenda mbio kuanzia hapo lakini yeye hakukimbia. Aliita daktari, akapiga simu maabara, akarudi na majibu. "Mama," akasema, "leo damu yako haina askari. Kama ningekupa ile nyekundu juu ya homa hii..." Alitafuta mshipa, akaanza kunitundikia dawa ya kuua vijidudu. Na unajua alichouliza kabla hajaitundika? Majina yangu matatu. Niliyataja nikilia, na sauti yangu ilikuwa inakatika, na alingoja hadi nilipolimaliza la tatu.

Ndipo akauliza, "Humu umeandika Z. ameapa kunyamaza. Z. ni nani?"

Nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Benchi, hapo nje."

Akatoka. Kwa kupitia kioo cha mlango niliona amekaa pembeni yako. Sikusikia kitu. Ulirudi umenawa uso. Sikukuuliza alikwambia nini, na wewe hukusema. Tukakaa wodini siku kumi, na baba yako nilimwambia ni homa tu ya dripu. Siku ya nane mvua ya kwanza ikapiga bati usiku kucha, na asubuhi nikaandika "mvua" nikaacha safu nyingine zote wazi.

Shamba likalala. Dripu mbili zilizobaki nikazimaliza mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilikwenda Pahi peke yangu. Majani yalikuwa kiunoni, kama ya shamba la mama. Nikaingia katikati nikasimama. Mwanamke mmoja akapita njiani na ndoo kichwani, akashusha sauti aliyokuwa akiimba nayo, kisha akaniona. Alipiga ukelele, ndoo ikayumba, akaniambia, "We! Umenitisha! Kumbe uko hai, halafu unaacha shamba hivi, huna haya?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Shamba lilikuwa limelala na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake, na nilikuwa sijawahi kujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa pamoja.

Lakini wewe hukucheka mwaka ule. Ulibadilika. Ukawa unahakikisha kila kitu mara mbili, unanifuata mpaka mlango wa bafu. Na ulipochagua uuguzi, shangazi yako alipiga vigelegele, mimi nikaenda uani kufua nguo safi. Nilidhani naona mtoto anayekwenda kutumikia kosa la mama yake maisha yake yote. Miaka yote ya chuo chako nililala na wazo hilo. Nilitaka kukwambia usiende. Sikuweza, kwa sababu ningelazimika kusema kwa nini.

Kilichonitoa hapo ni kitu kidogo, na nadhani hukukiona. Mwezi uliopita tulikuwa sokoni Majengo. Ulikuwa unabishana na yule mwuza nyanya kwamba zile za chini zimeoza, yeye anakuita mchumba, wewe unamwambia mchumba hauzi nyanya mbovu. Mkono wako mwingine ulikuwa umenishika hapa, kwenye kiwiko, nisije nikasukumwa. Nikahisi kidole gumba chako kinatembea. Kikapanda kidogo, kikashuka, kikatulia. Ukasema bila kunitazama, "Mama, mshipa huu bado mgumu, siku wakikutoa damu waambie watumie wa pembeni," ukaendelea kumkoromea mwuza nyanya.

Nilisimama katikati ya Majengo, watu wananipiga vikumbo, nikashindwa kusogea. Nilikuwa nimekijua kidole kile. Nilikizaa, nilikikata kucha, nilikipiga kilipokula sukari. Na sasa kilikuwa kinajua juu ya mwili wangu kitu ambacho mimi sikijui. Hicho hakikuwa kidole cha mtu anayetubu. Mtu anayetubu hujitazama mwenyewe. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, hata ulipokuwa hunitazami. Niliogopa, Zai. Ile hofu mtu anayokuwa nayo akiona kitu kikubwa kuliko nyumba yake kimetoka nyumbani kwake.

Nasimama kidogo. Kuna jambo lazima nilifanye kabla sijaendelea.

Nimerudi. Jua limeshuka hadi ukutani. Nimemwambia baba yako. Nimekwenda pale alipo na begi lako magotini, nimemweleza yote: Kondoa haikuwa salamu, mwiba uliniingia shambani, homa ulijua, mimi ndiye niliyekuapisha. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupaka nta mpaka zipu ikafika mwisho. Kisha akauliza, "Mguu gani?"

Nikamwonyesha. Akautazama muda mrefu ule mguu, ambao hauna hata kovu la kuonekana. Akasema, "Ndiyo maana yule mtoto alikuwa ananikimbia macho. Mimi nikadhani nimemkosea." Akafuta mikono, akaingia ndani kutawadha. Usishangae akikushika kichwa kesho kwenye stesheni. Anatafuta namna ya kusema kitu na hana maneno mengi, unamjua.

Basi kile kiapo nimekifungua. Mimi niliyekifunga. Hakipo tena, wala hakikupasa kuwepo. Na kama siku moja utamkuta mgonjwa anatoka jasho chini ya feni, na mtoto wake yuko kwenye benchi hainui uso, sina la kukufundisha. Ulikaa kwenye benchi lile. Unajua kuliko mimi alichokwambia.

Kitu cha mwisho. Sijawahi kuchana ukurasa wa daftari langu hata mmoja, kwa sababu hesabu ikitolewa ukurasa haiaminiki tena. Leo nimeuchana wa Jumatano ile, nimeukunja ndani ya barua hii. Utaona mwandiko wangu: Panadol mbili, saa moja, ili homa isionekane. Utaona hapo juu "Z. ameapa." Na chini kabisa utaona mstari ambao si wangu. Niliukuta siku ya tatu ya kulazwa, nilipopata nguvu ya kufungua daftari. Sista Anjela alikuwa amejaza safu ya joto niliyoiacha, kwa kalamu ya bluu, herufi za kusomeka, kama wanavyoandika katika faili:

"Joto 36.9, baada ya Panadol. Mgonjwa amesema kweli. Binti yake pia."

Mpaka niliposoma hapo sikujua kwamba na wewe ulisema. Nimekuwa nikiusoma mstari huo miaka yote, na leo nakupa kwa sababu nusu yake ni yako.

Nasikia geti. Umerudi, na shangazi yako amekuja nawe, namsikia analalamika kwamba hukumaliza wali.

Mama yako